Watatu Wasiohesabiwa

Kila alasiri Mondher aliporudi kutoka kazini, mkewe Sabiha alimfungulia mlango, akampokea koti, kisha akajibanza ukutani kidogo, kama anayempisha mtu wa pili. Ndipo alipofunga.

"Unampisha nani?" Mondher alimuuliza siku moja.

"Mimi? Nimempisha nani?" Sabiha alishangaa kweli.

Wakacheka, wakaenda kula. Lakini kesho yake akafanya vilevile, na safari hii Mondher aliona pazia la sebuleni likisogea, ilhali madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mondher alikuwa kanali katika idara ya usalama, hapo mjini Tunis. Ramadhani iliyopita bomu lilikuwa limelipuka katika soko dogo nyuma ya kituo cha treni, likaua watu ishirini na wawili, wengi wao akina mama waliokwenda kununua vitu vya futari. Mji mzima ukauliza: idara ilikuwa wapi? Tume ikaundwa. Mondher akaapa mbele yake, mkono juu ya msahafu, kwamba hakuna aliyemletea habari yoyote. Lawama zikamwangukia Kapteni Kmar Jelassi, msichana aliyekuwa chini yake. Ikasemwa kwamba alipata taarifa akaikalia. Akawekwa ndani, kesi ikaanza.

Taarifa Kmar hakuikalia. Alimletea Mondher mapema, kabla ya mlipuko, huku akihema.

"Mkuu, tuwaambie polisi sasa hivi. Wao wana watu wa kulizingira soko."

"Ili wao ndio wapigwe picha?" Mondher alimjibu. "Tulia, binti. Tunawafuata hao wenye bomu polepole, tunawanasa wote sisi wenyewe."

Hawakumnasa hata mmoja.

Baada ya pazia ikaja harufu. Ilikuwa ya nywele zilizoungua na samaki aliyeoza, na ilianzia bafuni. Sabiha alisugua sakafu, akamwaga maji ya maua ya machungwa, akamwita fundi akafungua bomba. Fundi alitia mkono, akautoa haraka, akakusanya vyombo vyake na kuondoka bila kudai ujira wala kuaga.

Siku moja Mondher aliingia bafuni kutawadha kwa sala ya alasiri, jua bado linawaka dirishani, akainama kufungua maji, akasikia kutoka ndani ya tundu la mfereji sauti ya mwanamke akibembeleza mtoto, taratibu, kama mama anayejua mtoto karibu atalala, na sauti ile ikapanda, ikawa karibu na sikio lake, ikawa ndani ya sikio, kisha ikashuka kooni mwake mwenyewe, akagundua kwamba midomo inayobembeleza ni yake, na kwamba hata akiifunga kwa mikono yote miwili wimbo haukatiki.

Sabiha alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Mondher," alinong'ona, "kuna mwanamke humu ndani. Na hanitafuti mimi."

Alimpeleka kwa Lella Mbarka, mganga wa ngoma za majini katika mitaa ya zamani. Bibi huyo mnene aliwasha ubani, wasaidizi wake wakapiga zeze na vibao vya chuma, akamfunika Mondher shuka nyekundu. Haukupita muda shuka ikaanza kutetemeka.

"Nani wewe?" Lella Mbarka aliuliza.

"Mwenye nyumba." Ilitoka sauti ya kike kinywani mwa kanali. "Nilikaa chini ya lile soko kabla kituo hakijajengwa. Nilikuwa na watoto watatu."

"Unataka nini, binti yangu? Nikuchinjie jogoo mweusi?"

"Jogoo!" Sauti ilicheka, cheko la kukwaruza. "Wanangu wameungua, wewe unanipa kuku? Wanadamu wamehesabu maiti zao, wakazika, wakalia. Wangu nani kawahesabu? Na huyu alijua. Aseme mbele ya watu. Akisema, nitatoka kinywani humu humu alimoapia uongo."

Lella Mbarka akanyanyua mkono, ngoma ikanyamaza. Akamfunua Mondher, akamfuta jasho.

"Mwanangu, mimi namtoa jini aliyepotea njia. Huyu hakupotea. Nenda kaseme."

"Nikisema nimekwisha, mama."

Sabiha akasema, bila kumtazama mumewe, "Uliniambia yule msichana ndiye aliyezembea. Tangu siku ile kila nikisali namlaani yeye."

Siku ya hukumu ya Kmar, Mondher aliingia mahakamani akaomba asikilizwe. Alisimulia yote: jinsi Kmar alivyohema, picha alizotaka apigwe yeye, uongo wake juu ya msahafu. Kwenye viti vya nyuma wafiwa walianza kupiga kelele, na kila neno aliloongeza lilimchoma koo kama kaa la moto, naye akaendelea. Jaji alipofanikiwa kuwatuliza, aliamuru idadi ya waliokufa isomwe upya.

"Ishirini na wawili," alisoma karani.

"Na watatu," ilisema sauti ya mwanamke.

Kila mtu alimtazama kanali.

"Watatu gani?" aliuliza jaji.

Kitu kilimpanda Mondher kutoka tumboni, kikamtanua taya mpaka mifupa ikalia, kikatoka kama upepo wa tanuri. Nguo nyeusi za mawakili zikapepea, kioo cha dirisha kikapasuka, na huko nje, juu ya barabara yenye magari mengi, watu walisikia mama akilia akienda mbali. Mondher akaanguka kwa magoti. Kifua kilikuwa chepesi.

Kmar aliachiwa huru jioni hiyohiyo. Walikutana ukumbini, yeye akitoka, Mondher akipelekwa ndani na pingu mikononi. Kmar alikuwa amekonda, macho yake yameingia ndani. Askari waliwapa nafasi.

"Kmar, mwanangu..."

"Mimi si mwanao." Aliongea chini kwa chini. "Mama yangu alikaa kwenye ngazi za ofisi yako tangu waliponikamata, jua na mvua, akikuomba useme ukweli. Ulikuwa unamruka unapita. Alikufa mimi niko ndani, sikumzika. Kumbe mama wa kibinadamu hakutosha, ilibidi aje jini?"

Mondher alifungua kinywa, akasubiri ile sauti nyingine imjibie.

Haikuja.