Kidoti Kwenye Picha za Machweo

Nyumba ya wageni ilikuwa kimya alfajiri ile, ukiacha mkoromo uliokuwa ukitoka chumba cha jirani. Mama na binti walikuwa wamelala kitanda kimoja, mguu wa mtoto umetupwa juu ya tumbo la mama bila kuomba ruhusa. Taulo zilianikwa kwenye kiti, mchanga wa jana bado ulikuwa sakafuni, na upepo wa bahari ulipita dirishani taratibu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote, isipokuwa mtu mmoja.

"Amkeni, amkeni! Jua linatuacha!"

Huyo ndiye Fundi. Mtaani kwao walimpa jina hilo kwa sababu ya studio yake ya picha za pasipoti, ambako kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu, "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke." Likizo zake zote alizitumia kusafiri na mkewe na binti yao, leo pwani hii, mwakani pwani ile, akipiga picha za jua linapochomoza na linapozama.

Jamaa zangu, naomba msianze kumkunjia uso Fundi mapema. Pombe hanywi. Mkono hajawahi kumwinulia mkewe. Mashangazi wa pande zote mbili walikuwa wakimsifu kwamba ni mwanamume anayetembea na familia yake, si wale wa kuaga wanakwenda dukani wakarudi kesho. Na mimi namsifu mpaka leo. Lakini mtu mwema naye hupotea njia, tena hupotea vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna anayemshtua.

Mambo yalianza siku alipoweka picha ya machweo kwenye ukurasa wake wa simu. Watu asiowajua wakamvisha kilemba cha ukoka. Mmoja aliandika, "Hii picha imenitoa machozi." Mwingine akaandika, "Wewe si wa kupiga pasipoti." Kichwa kikavimba. Tangu siku hiyo jua likawa halizami kwa amani mbele ya Fundi. Akanunua stendi ya miguu mitatu, akanunua vioo vyeusi vya kufunika lenzi, na akajifunza kuiacha kamera imefumbua jicho kwa dakika kadhaa ili mawimbi yote yalainike na bahari ionekane kama maziwa yaliyotulia kwenye bakuli.

Ila bahari tupu haipendezi sana. Fundi aligundua kwamba akimweka mtu mdogo mweusi mbali kule majini, jua huonekana kubwa ajabu. Mtu huyo akawa binti yake. Wafuasi wa ukurasa wakamwita Kidoti, kwa kuwa kwenye kila picha alikuwa doti tu mbele ya jua, na jina likahamia nyumbani. Sasa, kamera inapokuwa imefumbua jicho muda mrefu namna ile, anayetikisika hugeuka ukungu na picha inaharibika. Kwa hiyo Fundi alimfundisha mtoto sheria moja: akisikia "Tuli!" anaganda kama mlingoti, hakuna kujikuna, hakuna kugeuka, mpaka baba aseme "Huru!" Kidoti aliiweza kazi hiyo kuliko watu wazima. Aliipenda pia, maana ndiyo saa pekee ambayo baba alikuwa akimtazama.

Mama Kidoti, ambaye ni mshonaji na jicho lake haliachi uzi uliolegea, alilisema jambo hili kabla ya safari. Shule ilikuwa imeomba picha ya mtoto. Akapekua simu, akapekua kompyuta, akaishia kushika tama.

"Baba Kidoti, hebu njoo uone maajabu. Tuna picha za huyu mtoto zisizo na idadi, na hata moja haina uso."

"Mke wangu, mimi ndiye mwenye studio. Nitampiga kesho."

"Kesho yako naijua."

Akacheka, akambusu shavuni, akaendelea kusoma sifa zake kwenye simu. Picha ya shule ilikuja kupigwa na mama, kwa simu yake, mbele ya pazia la jikoni.

Basi, wakafika kwenye rasi hii. Fundi aliichagua kwa sababu ni nyembamba, imeingia baharini kama kidole, hivyo asubuhi jua hutoka majini upande mmoja na jioni huzama majini upande wa pili. Kwa mpiga picha wa namna yake hiyo ilikuwa harusi mara mbili kwa siku. Aliamka amenuna kidogo, kwa kuwa yule mkoromaji wa chumba cha pili, dereva wa lori mwenye kitambi cha heshima, alikuwa amemnyima usingizi.

"Mtu gani analala kama anapanda mlima na gia namba moja?" alinong'ona.

"Mwache mwenzio apumzike," mkewe akajibu huku akifunga kamba za viatu vya mtoto. "Usiku wa leo anaendesha."

Mapambazuko yalikwenda vizuri. Mchana Fundi alikagua upande wa machweo. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga unang'aa, na akaona mwamba mmoja mzuri, bapa juu, umesimama peke yake. Aliuzunguka kwa miguu bila hata kulowana vidole. Akarudi akijichekea.

"Kidoti atasimama pale. Hii ndiyo picha ya maisha yangu."

Mama Kidoti aliutazama mwamba, akautazama mtoto. "Maji yakirudi je?"

"Yatarudi usiku huko. Mimi si mgeni wa bahari, mama."

Hapo ndipo alipokosea. Bahari alizozijua yeye zilikuwa nyingine, kila moja na saa zake, na hii ameiona jana tu. Angeweza kumuuliza mtu yeyote pale mapokezi. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameshaiona picha kichwani mwake, na mtu aliyekwisha kuona picha kichwani hutia pamba masikioni.

Jioni mtoto akapelekwa juu ya mwamba, na gauni lake jekundu lililoshonwa na mama. Fundi akasimika stendi ufukweni, akafunga kioo cheusi. Kisha akapapasa mifuko.

"Mama Kidoti, kile kitambaa cha kufutia lenzi nimekisahau chumbani. Kimbia mara moja, tafadhali."

Mkewe akaondoka, na kukitafuta kukamchukua muda mrefu. Fundi akapaza sauti: "Tuli!" Na kule kwenye mwamba Kidoti akaganda.

Picha ya kwanza ikatoka nzuri. "Nyingine, mwanangu! Tuli hivyo hivyo!" Anga likaanza kugeuka rangi ya papai. Fundi hakubandua jicho kwenye kioo kidogo cha kamera. Na nini kingemwonyesha hatari? Kamera yenyewe ilikuwa imepangwa kulainisha maji. Mawimbi yaliyokuwa yakipanda mwamba yeye aliyaona, kwenye kila picha iliyotoka, kama moshi laini wa kupendeza. Alikuwa akinung'unika peke yake kwa furaha, "Hapo hapo, hapo hapo."

Mkewe alipotokea juu ya njia na kitambaa mkononi, alipiga ukelele ambao sitaki kuuiga.

Fundi, Mungu amsamehe, aliinua mkono bila kugeuka. "Ssh! Usipige kelele, kamera inatikisika!"

Mama Kidoti alimpita mbio. Kanga ikamdondoka, akaiacha. Akaingia majini na nguo zake zote, mbele ya lenzi kabisa.

"Unaniharibia picha!" Fundi akafoka, na akainua uso. Ndipo akaona kwa macho yake mwenyewe, bila kioo.

Mwamba haukuwepo. Mtoto alikuwa amesimama juu ya bahari, maji yamempanda mapajani, gauni limevimba na kuelea. Kati yake na ufukwe mkondo ulikuwa ukipita kwa nguvu. Mama yake, ambaye hajui kuogelea hata kidogo, maji yalikuwa yamemfika kifuani, akipiga mikono na kumwita, "Njoo, mwanangu! Njoo kwa mama!" Na Kidoti hakusogea. Mikono yake ilikuwa imenyooka ubavuni, kidevu juu. Hakulia wala kugeuza shingo. Alikuwa akisubiri neno la baba.

Fundi alielewa. Akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka: "Huru! Huru, mwanangu, huru!"

Mtoto akajitikisa, akapiga hatua moja, akateleza.

Kilichofuata Fundi hukikumbuka vipande vipande. Anakumbuka amenyakua stendi nzima, kamera ikiwa juu yake, akaingia nayo majini akiinyoosha mbele kwa mkewe. Anakumbuka mkewe ameing'ang'ania. Na anakumbuka kishindo ubavuni mwake, mtu mzito aliyejitupa na suruali yake na saa yake, akipasua maji kwa mikono mipana. Alikuwa ni yule dereva wa lori. Usingizi wake ulikatwa na ule ukelele, akatoka mbio hata shati hakuvaa. Gauni jekundu lilikuwa limeshapita mwamba. Dereva akazama, akaibuka mikono mitupu. Akazama tena. Alipoibuka mara ya pili alikuwa amemshika mtoto kwapani, na Fundi akamsogezea stendi, wakavutana wote wanne mpaka mchangani, wakaanguka hapo.

Kidoti akakohoa, akatapika maji, akakohoa tena. Sijasikia sauti tamu kuliko hiyo katika hadithi zote nilizowahi kuzisimulia. Alipopata pumzi alimtafuta baba yake kwa macho, midomo inatetemeka kwa baridi.

"Baba, samahani. Nilitikisika."

Fundi aliangua kilio, mtu mzima na ndevu zake, akapiga paji la uso mchangani. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mkewe alimkumbatia mtoto na kumtikisa, mbele na nyuma, akisema neno moja tu, "Asante, asante, asante," na hakuna aliyejua anamwambia nani. Nadhani alikuwa akimwambia kila mtu.

Kamera ilikuwa imelala pembeni, maji ya chumvi yanatiririka ndani yake. Ilikuwa imekufa, pamoja na picha ya maisha yake. Hakuna aliyeitazama.

Mganga wa zahanati ya jirani alimpima mtoto, akasikiliza mapafu, akasema yu salama, apewe kitu cha moto na alale. Fundi akamfuata dereva kwenye baraza, akataka kumpigia magoti.

"Kaka, sijui nikushukuru vipi. Na asubuhi hii nilikuwa nakusengenya."

"Kwa sababu ya kukoroma? Hata mke wangu ananisengenya." Dereva akakamua suruali yake, maji yakatapakaa sakafuni. "Asante nimeshaipata. Nimemsikia mtoto anakohoa. Nenda ukakae naye, bwana, na shemeji naye apumzike."

Fundi akaenda kukaa naye. Asubuhi iliyofuata aliamka saa zile zile za mazoea. Nje, anga lilikuwa linaanza kupambazuka, tena kwa uzuri wa kuumiza roho, wekundu na dhahabu vimechanganyika. Yeye alivuta kiti, akakiweka kando ya kitanda, akalipa jua mgongo. Mwanga ukaingia dirishani polepole, ukapanda shuka, ukafika kwenye uso wa mtoto.

Akauangalia. Aliziona kope zake, akaona jino jipya linalochomoza pembeni. Chini ya kidevu akaona kovu dogo, jembamba, limeshapona kabisa.

Kidoti akafumbua jicho moja. "Baba, mbona unaniangalia hivyo? Nina makamasi?"

"Huna. Hili kovu ulilipata lini?"

"Lipi? Aa, hili. Nilianguka shuleni."

"Jana juzi?"

Mtoto akacheka. "Baba naye! Nilipokuwa darasa la kwanza."

Mkewe alikuwa macho, anasikia. Alinyoosha mkono wake juu ya mtoto, akautafuta wa mumewe, akaushika. Fundi aliinama akalibusu lile kovu, miaka miwili baada ya siku yake, akamshukuru Mungu kwamba amechelewa tu, hakumkosa kabisa.

Mafunzo ya hadithi hii

Jamaa zangu, sisemi watu waache kusafiri, wala sisemi kamera ni dhambi. Fundi mwenyewe bado ana studio yake, na jua bado analipenda. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwachukua watoto wake mpaka mwisho wa dunia na asiwe nao. Tusiwafanye wanetu kuwa mapambo ya kuwafurahisha watu tusiowajua. Tena tuogope sana utii wa mtoto: mtoto hutuamini hata pale tunapokosea, hivyo kabla ya kumwambia asimame mahali, tuwe tunamwona. Na tukifika ugenini tuulize, haitupunguzii kitu.

Wengine walichelewa kuliko Fundi, na wao hawana hadithi ya kusimulia ila kaburi. Kama wewe leo unaye mtoto chumba cha pili, anacheza au anakusumbua, basi umejaliwa muda. Weka simu chini, nenda ukamtazame usoni, ushukuru.