Ngata Isiyo na Mzigo

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Emilienne alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya gari, mumewe Zéphirin anakwangua matope kwenye magurudumu, na ng'ambo ya kijito makantonye, wale wafanyakazi wa barabara, wanapiga soga kuliko wanavyopiga shoka. Mvua ilikuwa imelichukua daraja la miti. Gari lilitoka Kasongo kwenda Kabambare, likakwama hapo katikati, penye nyasi ndefu pasipo na kijiji. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabeleji. Huyo Emilienne ni shangazi yetu, na mambo haya alitusimulia bila kuyatia chumvi, kwani alikuwa Mkristo aliyeogopa uongo kuliko nyoka.

Gari lenyewe ndilo lilikuwa nyumba yao. Mwenye gari alikuwa mzungu wa maduka, watu wakimwita Bwana Kipimo kwa sababu hakuna kitu ambacho hakukipima kwa fimbo yake. Alikuwa amefungia sanduku la mabati nyuma ya kamioneti, lori dogo, liwe duka la kutembea: chumvi, sabuni, vitambaa, taa. Shofere alale humo na mke wake, vitu visiibiwe. Sasa Zéphirin alikuwa mrefu, hata watoto wa Kasongo walimwita Ngazi. Paa la sanduku lile lilikoma mabegani mwake. Alipokwenda kulalamika, Bwana alilipima sanduku kwa fimbo, kisha akampima na yeye, kisha akacheka.

"Gari ni ya kulala," alisema. "Kama unataka kusimama, simama inje."

Neno hilo lilimkwama Emilienne kooni kama mwiba wa samaki. Mtoto wao Régina walimwacha Kasongo kwa bibi yake, maana nafasi ya mtoto ilichukuliwa na magunia ya chumvi. Hilo nalo halikushuka.

Walijifunza kuishi wameinama. Zéphirin alikata miguu ya kitanda, wakalala chini kabisa. Suruali aliivaa akiwa chali, akirusha miguu kama mtu anayepigana na chatu. Emilienne hakutundika kitu juu. Kila kitu kilikaa ukutani, chini ya kiuno. Kupika, inje. Kuchana nywele, inje. Sala peke yake haikuwapa taabu.

"Mungu alijua," Zéphirin alisema. "Ndiyo sababu alituambia tupige magoti."

Wakati huo bado alikuwa anatania. Lakini paa lile lilikuwa limefungwa kwa vyuma vilivyochomoza ndani, na kila alipojisahau akainuka upesi, damu ilimtoka utosini. Utani ukaisha. Alilitukana paa, akamtukana Bwana kwa kuwa hayupo, mwisho akaanza kumtukana na mke wake kwa kuwa yupo. Ndipo asubuhi ile alipochukua ngata ya Emilienne, ule mviringo wa nyasi unaowekwa kichwani chini ya mzigo, akaivaa kama kofia na kuifunga kwa kamba kidevuni. Kichwa kikawa kinagonga paa bila kuumia.

"Baba Régina, toa hiyo kitu."

"Nitoe juu ya nini? Inanisaidia."

"Ngata haivaliwi bila muzigo. Mama yangu alikuwa anatupiga kwa sababu ya hiyo. Ngata tupu inaita muzigo."

"Basi iite. Kama italeta daraja jipya, nitaibusu."

Emilienne alinyamaza. Hakunyamaza kwa kuwa alikubali, alinyamaza kwa hasira, na hasira ya aina hiyo baadaye aliipeleka kwa padri kuiungama, kwamba ilimfunga mdomo pale alipopaswa kusema tena.

Makantonye walipomwona Zéphirin anashuka na ngata kichwani, walipata kazi ya kucheka. Mkubwa wao, mzee Amuri, alivuta kofia yake chini hadi masikioni akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Shofere, umebeba nini leo? Umebeba paa?"

"Ninabeba ujinga yenu," Zéphirin alijibu, na mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

Mchana mvua ikaja. Mvua kubwa, ile inayofanya saa nane kuwa kama magharibi. Waliingia garini wakafunga milango, wakakaa kitandani magoti yakigusa kidevu. Bati lilipiga kelele hata hawakuweza kusemezana.

Kisha kelele ikapungua upande mmoja. Juu ya kichwa cha Zéphirin tu. Kama kuna kitu kimekinga mvua.

Bati likabonyea kwenda ndani, taratibu. Likafika pale vyuma vilipogusa ngata.

Sauti ikasema, karibu sana, kwa pumzi ya mtu aliyechoka:

"Ndugu. Nitue."

Kila mtu wa kwetu anajua neno hilo. Mwenye mzigo mzito kichwani hawezi kuushusha peke yake. Humwambia aliye karibu, nitue, na yule husogea akashika upande wa pili. Kumkatalia ni aibu, kama kunyima maji. Lakini mwenye mzigo husimama mbele yako. Hasemi kutoka juu ya paa.

"Usijibu," Emilienne alinong'ona.

Zéphirin alidhani ni makantonye wamevuka kuja kumdhihaki. Hasira ya siku zote, ya fimbo, ya magunia, ya damu utosini, ikamfikia mdomoni.

"Tua!" alifoka. "Tua basi, niache."

Neno moja hilo. Hakusema lingine.

Bati likalia, likarudi juu. Paa likawa jepesi. Na Zéphirin akashuka. Hakuinama mwenyewe, alishuka, shingo ikiingia mabegani kama kigingi kinachogongwa. Kichwani hakukuwa na kitu ila ngata, na ngata ilikuwa imebanwa bapa kama chapati.

"Mama Régina," alisema polepole, "kuna kitu."

Alitoka inje kutafuta hewa, na Emilienne akamfuata. Akaona. Mvua ilimpiga miguu. Ilimpiga mikono. Kichwa na mabega yalikuwa makavu. Matone yalikuwa yanapasuka hewani, shubiri moja juu ya utosi wake, yanatiririka pembeni na kudondoka kwenye pembe nne.

Walikata kamba ya kidevuni. Ngata haikutoka. Emilienne aliivuta mpaka kucha zikamwuma, mumewe akalia kwa maumivu, na haikusogea hata nywele moja. Ulevi haukuwa, homa haikuwa. Asubuhi yake macho ya Zéphirin yalikuwa mekundu na mishipa ya shingo minene kama kamba ya kisima. Alisema anataka kulala kidogo. Akapanda garini, akatembea hadi kitandani.

Alitembea bila kuinama. Na paa halikumgusa.

Emilienne hakungoja kuona zaidi. Alivuka kijito maji yakimfika kifuani, akamkuta mzee Amuri anachonga gogo.

"Mama Ngazi," mzee alianza, "mume wako bado anabeba—"

"Nyamaza, baba. Mume wangu anakufa. Kuna sauti ilisema nitue, na yeye akajibu."

Shoka likasimama. "Alijibu nini?"

"Alisema, tua."

"Tua wapi?"

"Tua tu."

Mzee aliweka shoka chini. Akavua kofia, na Emilienne akaona kwa mara ya kwanza kwa nini haivui: utosini pake palikuwa na mduara usio na nywele, mgumu, unaong'aa, kama alama ya chungu juu ya meza.

"Wakati wa vita ya Wadachi tulipita hapa," alisema, bila kumtazama. "Wapagazi. Masanduku ya risasi, kwenda Tabora. Daraja lilikuwa limeenda na maji, kama sasa. Askari wakatupanga mustari. Hakuna kutua mupaka amri, na amri ilikuwa maneno mawili: tua chini. Mwenye kutoa amri alikuwa mu hema yake anakula. Akala. Akalala. Sisi kwa jua. Aliyetua mbele ya amri alipigwa. Kuna wengine walikufa wamesimama, mama. Wamesimama hivi. Mie nilianguka mapema, ndiyo nikapona."

"Na hao wengine?"

"Wanangoja. Mume wako amewapa nusu ya amri, na kichwa chenye ngata. Yule wa mbele ametua pale alipoona ngata."

Emilienne alimsogelea. "Weye unajua haya, na kila siku unatucheka kutoka ng'ambo?"

"Ninacheka nisiwasikie," mzee alisema.

"Basi njoo uwaambie chini."

Mzee aligusa ule mduara kwa vidole viwili. "Mwenye muzigo hamtui mwenziwe. Mie wangu bado ninao."

Emilienne aliporudi, Zéphirin alikuwa amejikokota hadi kando ya barabara, amepiga magoti, kidevu kimegusa kifua. Alikuwa anasema kitu. Emilienne aliinama kumsikiliza.

"Nitue. Nitue. Nitue."

Sauti haikuwa yake.

Tangu utoto jibu la Emilienne kwa neno hilo ni moja, ndiyo ndugu, na lilikuwa tayari ulimini. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akavua kilemba chake akakitupa mbali, kichwani mwake kisibaki kitu kinachofanana na ngata. Akaomba kwa kifupi. Akanyoosha mikono hewani juu ya utosi wa mumewe.

Vidole vikagusa ubao.

Ubao wa baridi. Kamba iliyolowa. Ukingo wa chuma. Sanduku lilikuwapo. Na upande wa pili wa sanduku, juu kidogo ya mikono yake, kulikuwa na mikono mingine, imekwisha kushika.

Alitusimulia kwamba hapo hofu ilimtoka yote, ikabaki hasira. Aliiona fimbo ya Bwana Kipimo. Alimwona Régina amesimama mlangoni Kasongo, anapungia gari lisilo na nafasi yake. Aliiona na ile hema ambayo hakuwahi kuiona, na mtu ndani yake ameshiba, analala usingizi. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa amri nyumbani kwake.

"Tua chini."

Wakashusha pamoja. Lilikuwa zito kama mtu mzima. Nyasi miguuni pake zikalala, pembe nne, na ngata ikadondoka yenyewe kutoka kichwa cha Zéphirin.

Emilienne akageukia barabara tupu.

"Tueni chini," alisema. "Ninyi wote."

Kishindo kikasikika hatua chache mbele. Nyasi zikalala. Kingine mbele yake. Na kingine. Vikaenda hivyo, kimoja kimoja, kando ya barabara, mpaka kwenye kona, na kupita kona, na bado aliendelea kuvisikia. Ng'ambo makantonye walikuwa wameweka mashoka chini. Mzee Amuri alikuwa ameketi matopeni, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, analia kama mtoto aliyefunguliwa kamba.

Daraja lilipokwisha kujengwa, Bwana Kipimo alikuja mwenyewe kuona kilichochelewesha chumvi yake. Alilikuta paa la gari limebonyea toka mbele mpaka nyuma, na juu yake zimejaa ngata za nyasi, zile za kizamani, nyasi bado mbichi. Emilienne alikuwa amezikuta siku iliyofuata ile ya kishindo. Hakuzihesabu. Aliona ni dhambi kuzihesabu.

"Nani alipanda juu ya gari yangu?"

"Watu wenu, Bwana," Emilienne alijibu. "Walikuwa wanangoja ruhusa."

Bwana alizichokoa kwa fimbo, akaamuru zifagiliwe. Zéphirin alikuwa amesimama inje, wima, mikono nyuma. Akatoa ufunguo akauweka juu ya boneti.

"Gari ni ya kulala," alisema. "Mie ninataka kusimama."

Wakarudi Kasongo kwa miguu. Régina aliwakimbilia uwanjani, na bibi yake, mama wa Zéphirin, akatoka nyuma yake akifuta mikono. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi; tangu ujana wake Zéphirin aliinama kuupita, na mama yake alizoea kumwambia, angalia kichwa. Siku ile naye alifungua mdomo aseme. Zéphirin akapita wima. Juu ya kichwa chake pakabaki nafasi ya kiganja.

Mama mtu alisimama pale, ameshika kizingiti. "Mutoto wangu," aliuliza, "urefu wako umeuacha wapi?"

Zéphirin aligusa utosi wake kwa kiganja.

Ngata moja Emilienne alikuwa ameifungia kwenye kitambaa akaja nayo. Hata leo iko kwao, ukutani, nyuma ya msalaba, na watoto wamekatazwa kuigusa. Mimi niliigusa wakati wa kiangazi, mwezi ambao hata majani ya paa yanakatika kwa ukavu. Ilikuwa imelowa. Na ilikuwa ya moto, kama sasa hivi imetoka kichwani mwa mtu.