Mota Iliyorudishwa Kutoka Matema

Mlango wa banda la gari ulipanda wenyewe mchana, jua likiwaka, wakati Atupele anapeta mchele uani. Haukupanda kwa kishindo. Ulipanda taratibu, ukafika juu, ukasubiri kama mtu mwenye adabu anavyosubiri mgeni apite, kisha ukashuka. Hakupita mtu. Ila Atupele, ungo ukiwa bado mikononi, alisikia harufu ya tope la ziwani na ya nguo zilizolowa zikavunda, ikipita mbele yake kuingia ndani.

Rimoti ilikuwa mfukoni kwa mumewe, Hezroni, aliyekuwa mashineni kwake mjini Kyela akiwafokea wakulima walioleta mpunga. Jioni alipoelezwa, alicheka kwa pua.

"Mlango wa umeme unafunguka, ndiyo kazi yake. Wewe umezoea milango ya mabanzi."

Huyo ndiye Hezroni. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga na gari, na kwa hivyo viwili alijiona amewapita binadamu wote wa kuanzia Bujonde mpaka Mwaya. Salamu za wazee alizijibu kwa kuinua kidevu. Nyumba ile ilikuwa imesimama kwa kakao ya shamba la mkewe, alilorithi kwa mama yake, lakini hilo Hezroni hakulitamka hata siku moja. Banda la gari aliliita gereji, na ole wako uliite banda mbele yake.

Alitaka mlango wa rimoti ili majirani waone, hakuna sababu nyingine. Alikwenda duka la vifaa vya umeme la Shamsa, mwanamke ambaye wazee wake walihamia Kyela kutoka Tanga, na Shamsa akamuuliza yale anayopaswa kuulizwa kila mnunuzi wa mota ya kufungulia mlango. Mlango ni bati au chuma kizito? Unakunjwa au unapanda mzima? Chumba cha kulala kiko karibu? Maana mota ya mnyororo hupiga kelele, ya mkanda ni tulivu. Na umeme ukikatika, gari litatokaje?

"Kwa mlango wako chukua hii ya mkanda, ina betri yake," alisema. "Hii kamba nyekundu ni ya dharura, unaivuta, unainua mlango kwa mkono. Na hili jicho la pembeni likiona mtu au mbuzi, mlango unasimama, haumbani."

"Mama, wewe kazi yako kuuza. Sikuja darasani."

Macho ya Hezroni yalikuwa yamekwisha kutua kwenye mota nyingine, kubwa, nyeusi, inayong'aa, iliyofunikwa kanga chini ya kaunta. Shamsa akaisukuma ndani kwa mguu.

"Hiyo siuzi. Imerudishwa kutoka Matema, nyumba ya ufukweni. Mwenyewe hata fedha yake hakuidai."

"Ina ubovu gani?"

"Alisema inafungua vizuri mno."

Hezroni alicheka mpaka wateja wakageuka. Akasema watu wenye asili ya pwani hata taa ikiungua wanasingizia jini. Akaibeba mota ile hivyo hivyo, bila betri, bila kamba, bila jicho. Shamsa alimfuata mpaka mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana Hezroni, nakuomba uiache." Mwanaume yule alitoka bila kugeuka, kama vile aliyesema ni kuku.

Baada ya siku ile Atupele alipokuwa uani, mlango ulianza kumkataa Hezroni. Ulifunguka kwa bata wa jirani. Ulifunguka kwa Atupele akisogea tu na ndoo, hata hana rimoti. Hezroni akifika na gari lake, akibonyeza, unatulia kimya. Alasiri moja ya masika, mvua inamwagika kama imetobolewa, alipiga honi mpaka majirani wakatoka barazani kutazama. Akashuka, suti imemganda mwilini, akaupiga mlango teke.

"Chuma we! Mimi ndiye mwenye nyumba hii!"

Kutoka ndani, nyuma ya chuma, sauti yake ikamrudia, "Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

Alijiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi huanza na kuisha na mwenyewe. Huu ulichelewa, ulifikiri kwanza, na uliposema "mimi" ulilikazia neno lile kana kwamba unalipima kama litautosha. Kuanzia hapo koo lake likaanza kukwaruza. Alisingizia vumbi la pumba.

Jioni moja ya wiki iliyofuata umeme ulikatika Kyela nzima kabla ya magharibi. Atupele alikuwa jikoni anageuza ndizi kwenye sufuria, akasikia honi, akasikia mlango wa gereji ukipanda, kisha mlango mdogo wa kuingilia ndani ukifunguliwa, na hatua za viatu vilivyojaa maji zikija hadi sebuleni.

"Mama Tumaini, nimerudi. Pole na kazi."

Mkono wake ukasimama juu ya mwiko. Tangu waoane, Hezroni hakuwahi kumpa pole. Hata hivyo ilikuwa sauti yake, haina tofauti, na moyo wa mwanamke aliyenyimwa neno jema miaka mingi ulipokea kabla akili haijauliza. Alipakua, akapeleka sahani sebuleni, gizani, akaiweka mezani mbele ya kivuli kilichoketi kwenye kiti cha mume wake.

"Ndaga, mama," kivuli kikamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo. Umechoka. Kaa."

Simu yake ikaita jikoni. Akarudi kuichukua.

"Nimekwama Busale," Hezroni alifoka upande wa pili, sauti imekauka kama ganda la mpunga. "Gari limezama tope. Wajinga hawa wa huku hata kusukuma hawajui. Nichemshie maji ya kuoga."

Atupele akajibanza ukutani.

"Baba Tumaini," alinong'ona, "uko wapi?"

"Si nimekwambia Busale! Mbona unanong'ona?"

"Kuna mtu anakula kwangu. Ana sauti yako."

Na wakati ananena hivyo ndipo kichwa chake kikaanza kuunganisha mambo ambayo masikio yalikuwa yameyasikia bila kuyaelewa, kwamba umeme haupo na mota ile haina betri na bado mlango ulipanda, kwamba honi ililia lakini ngurumo ya injini hakuisikia, kwamba harufu ya tope la ziwani ilikuwa imejaa korido tangu aliposhika sahani na yeye akaipita kama anapita kwenye moshi wa jiko lake mwenyewe, kwamba sebuleni sasa hakuna tena mlio wa mtu anayetafuna bali ukimya wa mtu anayesikiliza, na kwamba sauti ile, tulivu, ya upole ambao haujawahi kukaa ndani ya nyumba hii, ilikuwa tayari imesogea na inatokea hapo, nyuma ya pazia la jikoni.

"Mwambie asijisumbue kuja."

Atupele alitokea mlango wa nyuma akiwa peku, akakimbia kwenye mvua mpaka dukani kwa Shamsa. Mshukuru Mungu binti yao Tumaini alikuwa bweni shuleni.

Kesho yake asubuhi walikusanyika mbele ya banda: Atupele, Shamsa, na mjomba wa Shamsa, Maalimu Zubery, mzee mwembamba anayesomea watu wenye mashetani. Hezroni alifika ametapakaa tope, amepanda bodaboda.

"Mimi mzee wa kanisa," akakwaruza, "mnaniletea mtu wa ubani nyumbani kwangu?"

"Nimemwita mimi," Atupele alisema. "Ingia basi wewe, umtoe."

Hezroni aliutazama mlango. Hakuingia.

Maalimu alikata nyaya za mota kwanza, zote, akazitupa nje. Akafukiza ubani, akasoma kwa sauti ndogo mpaka bati la paa likaanza kutetemeka bila upepo. Kisha akauliza, "Nani amekuruhusu humu?"

Jibu likatoka juu, ndani ya ile mota nyeusi isiyo na waya, kwa sauti ya Hezroni ilipokuwa nzima.

"Nilibebwa. Kule ufukweni nilikaa kwenye mawe yangu, wakajenga juu yangu. Wakaning'oa pamoja na chuma hiki. Huyu akakatazwa, akanibeba. Anafunga hata mdomo wake watu wakimsalimia, mimi nafungua."

Maalimu akamgeukia Hezroni. "Huyu si mkorofi sana. Ulimleta wewe, muombe wewe. Kwa adabu, kama unavyomuaga mgeni."

"Nimuombe? Mimi?"

"Sema tu, tafadhali."

Mtu mwingine yeyote angesema. Mlevi wa kilabuni angesema, mwizi wa kuku angesema. Hezroni alijaza kifua na kumwaga matusi. Alimwita jini mchafu, mbwa, kinyesi cha ziwa. Na kila tusi lililomtoka, mota ililirudia, taratibu, kwa sauti ile ile, na kila liliporudiwa sauti ya Hezroni ilipungua, ikawa nyembamba, ikawa ya mtoto, ikawa upepo unaopenya tundu la ufunguo, naye hakunyamaza, aliendelea kutukana huku mishipa ya shingo imemvimba na mate yanamtiririka na mkewe anamvuta mkono akisema basi, Baba Tumaini, basi, unajimaliza, mpaka midomo yake ikawa inacheza peke yake na matusi yote yanatoka juu.

Atupele akamwacha. Akasogea chini ya mota, akapiga magoti kidogo kama anavyomsalimia mkwe.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa, "tulikuleta bila kukuuliza, tukakukosea. Nyumba hii imejengwa kwa kakao ya mama yangu. Nakuomba utupishe. Nenda salama."

Bati la paa likaacha kutetemeka.

"Sasa hapo," ikasema sauti, "mwenye nyumba amesema."

Mlango ukapanda bila umeme. Nyayo za maji zikajichora sakafuni, moja baada ya nyingine, zikatoka nje, zikachukua njia ya kwenda ziwani. Maalimu aliinamisha kichwa zilipompita. Harufu ikaondoka. Hezroni akafumbua kinywa, pengine kusema kwamba yeye angeweza bila wao, na hakikutoka kitu.

Hospitali walimpima, hawakuona tatizo. Maalimu alisema alichochukua jini huwa hakidaiwi, kwa kuwa amepewa. Mota ilizikwa, mlango ukang'olewa, Atupele akaita fundi akajenga ukuta wa tofali pale. Mashine aliisimamia mwenyewe, na wakulima wakaanza kurudi. Hezroni alikaa barazani siku nzima. Waliompitia walimsalimia, na safari hii hakuwa na namna ila kuitikia kwa kichwa.

Mvua za vuli zilipoanza akaja mkulima mmoja wa Mwaya, Anyosisye, na mkungu wa ndizi begani. Hezroni aliwahi kumfukuza mashineni mbele za watu. Akautua mkungu miguuni pake, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, tata. Nimekuja kushukuru. Jana umetupita jioni, ukasimama njiani ukamsalimia mama yangu vizuri, ukamuuliza hali ya miguu. Mama amelia. Tukasema, kweli mtu hubadilika."

Atupele alitoka ndani, unga mikononi.

"Ulimwona?" aliuliza.

"Mvua ilikuwa kubwa, mama, sikumwona. Ila sauti naijua. Akauliza kama leo anaweza kuja kulala kwetu." Anyosisye alitabasamu, amefurahi kwa heshima aliyopewa. "Nikamwambia hata asipige hodi. Nimewaachia watoto mlango wazi."

Hezroni aliinuka. Alimshika Anyosisye mabega, akamtikisa, akafumbua kinywa mpaka taya likalia, na mkulima yule, akidhani anakumbatiwa, akamkumbatia.