Kigoda cha Karakana

Ubao ulimpiga msichana kichwani asubuhi, mlangoni pa stesheni, watu wakitoka mbio kama wamefukuzwa. Bomba lake la michoro likaanguka, kifuniko kikafunguka, karatasi zikatawanyika chini ya viatu vya watu.

"Mama yangu we! Huoni?"

"Pole dada, pole sana!" Kijana mwenye ubao begani aligeuka kuomba radhi, na ubao nao ukageuka, ukaangusha kofia ya mzee aliyekuwa akipita.

"Simama hapo hapo!" alifoka msichana. "Usigeuke tena, utatumaliza!"

Kijana akasimama kama sanamu, na msichana akajikuta anacheka mpaka anashika mbavu. Kijana alikuwa seremala, ovaroli ya buluu, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Msichana alivaa koti jembamba la manjano ambalo lilimdanganya kuwa baridi imekwisha. Alikuwa mwanagenzi wa ubunifu wa samani, ametoka kwao mbali, na katika mji huo alipewa miezi mitatu tu ya majira ya machipuko.

Fundi akamwita Mgeni, na jina likamganda. Kila Jumamosi alimzungusha mjini: madaraja, maduka ya vitu vya mitumba, mitaa ambayo miti yake ilikuwa mikavu wiki iliyopita na leo imejaa maua. Mwisho wa mizunguko ulikuwa karakana ya fundi, chumba cha chini ya ghorofa, chai ikichemka kando ya makopo ya vanishi. Mgeni alikaa siku zote kwenye kigoda alichokitengeneza marehemu baba wa fundi.

"Niuzie hiki."

"Hakiuzwi hicho. Mzee alikitengeneza kwa mkono wake."

"Hata mimi, laazizi?"

"Wewe unakikalia hicho, na mimi unanikalia kooni. Hujatosheka?"

Huko studio mambo yalikuwa mengine. Kila mwanagenzi alitakiwa atoe kiti kimoja kwa maonyesho ya mwisho, na atakayeshinda angeajiriwa. Madamu, mwenye studio, alipindua michoro ya Mgeni mmoja baada ya mwingine. "Hiki nimeshakiona. Hiki nacho nimeshakiona." Jioni mama yake Mgeni akapiga simu: "Mwanangu, huku tumeshawaambia watu wote kazi umepata!"

Jumamosi iliyofuata fundi alitoka kununua maziwa. Mgeni akachukua tepu ya kupimia, akakipima kigoda mguu kwa mguu, akaandika kila kitu na kurudisha tepu msumarini. Fundi aliporudi, msichana alimkumbatia na kumbusu. Kabla ya hapo hakuwahi kuanza yeye.

"Haa! Leo kuna nini?"

"Nilikukumbuka."

"Dakika nne tu?"

"Dakika nne ni nyingi," alijibu, na moyo ukamsuta hapo hapo. Mimi simtetei. Vipimo aliviiba, sawa, lakini busu lile lilikuwa la nini?

Madamu alipouona mchoro alivua miwani. "Umekitoa wapi hiki?"

"Kichwani."

Neno moja tu, na mchoro ukapita, kigoda kikaanza kutengenezwa. Tangu siku hiyo simu za fundi zilimtia woga.

"Mpenzi, mbona unanikimbia? Maonyesho ni lini?"

"Ni ya watu wa ofisini tu, kipenzi. Utachoka bure."

Fundi si mjinga. Alijua anafichwa kitu, akaamua kuna mwanamume. Ijumaa ya maonyesho alipiga pasi shati jeupe, akanunua maua, akaenda kumtazama huyo mwanamume usoni. Alichokikuta ni kigoda cha baba yake, kipya, chini yake kadi yenye jina la mpenzi wake.

Wakati huo Madamu alikuwa anakikalia mbele ya wageni. Kigoda kikayumba, ko-ko, kwenye sakafu iliyong'arishwa. Watu wakacheka.

"Mguu mmoja mfupi," Madamu alisema kwa upole. "Ulikosea kupima, eti? Kosa dogo, tutarekebisha."

Aitikie tu kwa kichwa, kazi ni yake. Mgeni akainua macho, akamwona fundi mlangoni na maua yake. Fundi akayashusha maua. Akageuka, akatoka.

"Sikukosea, Madamu," Mgeni alisema. "Nilipima sawasawa. Hiki kigoda si changu. Nimekiiba kwa mtu anayenipenda."

Madamu aliiondoa kadi mwenyewe, taratibu, na hakumtazama tena.

Karakana ilikuwa wazi. Fundi alikuwa anapiga randa ubao ambao haukuhitaji randa.

"Umekuja kupima na meza?"

Mgeni aliingia na kigoda kipya mikononi. Alikiweka kando ya cha zamani. Hakikuyumba. Alikisukuma kwa kidole, kikatulia tuli.

"Kwa nini hapa kimetulia?"

"Sakafu hii ina mteremko. Mzee alikata mguu ili chai yake isimwagike. Ungeniuliza ningekwambia. Ungeniomba ningekuchorea mwenyewe!"

"Najua. Najichukia, wallahi. Nimewaambia wote kuwa nimeiba."

"Na kazi?"

"Hakuna kazi. Jumapili narudi nyumbani."

Fundi aliweka randa chini, akakaa kwenye kigoda cha baba yake. "Mimi nilidhani kuna mwanamume. Bora ningemkuta, ningemtwanga. Sasa nimtwange nani, kigoda?"

Mgeni akacheka huku analia, na kilio kikashinda kicheko. Fundi alimwacha alie. Hakusema amesamehe, maana bado ilikuwa inamuuma. Kisha akakitazama kigoda kipya.

"Sakafu ya kwenu ikoje?"

"Ya wapi?"

"Sebuleni kwa mama yako. Imenyooka?"

"Sijui. Sijawahi kupima."

Fundi akanyanyuka, akaitoa tepu msumarini, akamwekea mkononi na kumfumba vidole.

"Ukifika upime, halafu unipigie. Siwezi kwenda kwa mama mkwe na kigoda kinachoyumba."