Nguo Iliyokataa Kukauka

Nguo ya ubatizo ya Wawira ilianikwa Jumapili, na Alhamisi ilikuwa bado inadondosha maji. Wanaoujua mji mkavu wa Ishiara watacheka. Kule, hasa katika kiangazi cha mwaka wa tisini na sita, ukianika blanketi ukaingia ndani kunywa chai, ukitoka limeshakauka. Lakini nguo hiyo nyeupe ilining'inia kwenye waya nyuma ya studio ya picha ya mama yake ikitoa matone mazito, na udongo wa chini yake ulikuwa umegeuka tope lenye harufu ya chumvi na samaki waliooza.

Mukami alikuwa ameikamua mpaka viganja vikamuuma. Alikuwa mjane, mpiga picha wa soko, na Wawira ndiye mtoto wake wa pekee.

"Wewe Wawira, hii nguo umeirudisha kwa maji?" aliuliza kwa Kimbeere, lugha yao ya nyumbani.

Binti alikuwa ameketi kizingitini akimtazama. Alijibu kwa Kiswahili, tena cha watu wa Pwani, laini, kilichonyooka. "La, mama, sijaigusa. Hebu nipatie maji ninywe. Kiu imenishika."

Jerikeni la asubuhi alikuwa ameshalimaliza. Mwalimu alikuwa amemsifu wiki hiyo kwa Kiswahili chake, lakini Mukami hakuona cha kusifu. Mtoto aliyemzaa yeye alikuwa mtu wa "hii maji" na "ile kitabu", na tangu Jumapili hakuwa ametamka neno hata moja la Kimbeere.

Mambo yote yalianza na kamera. Abdirizak, dereva wa lori la miraa kutoka mji wa Maua, ndiye aliyeileta kutoka Mombasa, akasema ni kamera ya zamani ya wazamiaji, inayopiga picha ndani ya maji. Alimwonyesha Mukami jinsi ya kuitumia. Unapaka grisi mpira mwembamba unaoziba maungio, kwa sababu hata unywele mmoja ukibaki pale maji yataingia. Umbali unaukadiria kwa macho yako mwenyewe, na namba zake zimeandikwa mbele, kuzunguka lenzi, hivyo ukitaka kuzisoma huna budi kugeuza kioo hicho cha lenzi kikutazame. Kuna mkono mmoja tu wa chuma juu yake: ukiubana unapiga, ukiubana tena unasogeza filamu. Ndani mlikuwa na filamu ya mtu mwingine, nusu yake haijatumika, na mpiga picha wa soko hatupi filamu, labda awe amerogwa.

Kanisa lao lilibatizia mtoni Thuci. Mukami aliingia hadi kifuani, na kila Mchungaji Kithaka alipomzamisha mtu, yeye aliishusha kamera chini akabana, akijua waumini watazigombania picha hizo. Wawira alikuwa wa mwisho. Alikaa chini kidogo kuliko wenzake, kisha akaibuka bila kukohoa, na watu wakapiga makofi.

Basi Alhamisi hiyo, baada ya kujibiwa Kiswahili cha Pwani, Mukami alijifungia katika chumba cha giza ili aisafishe ile filamu. Alipofungua kamera alikuta unywele umejizungusha kwenye ule mpira. Ulikuwa mrefu kama mkono wake, na Wawira, kama wanafunzi wote, alikuwa amenyolewa.

Picha za mwanzo, za mwenye kamera, zilionyesha maji matupu na, mbali kabisa, mwanamke amesimama. Katika iliyofuata alikuwa amesogea. Zilipofika za ubatizo alikuwa nyuma ya bega la kila muumini aliyezamishwa, akikaribia picha kwa picha, nywele zimetanda majini, mpaka ile ya mwisho, ambamo mikono ya mchungaji ilikuwa imemshika yule mwanamke, amevaa nguo ya Wawira, na uso wa Wawira umeanza kumkaa, na nyuma yake, mdogo, mbali, pale pale mwanamke alipokuwa amesimama mwanzo, alikuwapo mtoto wa Mukami, amenyoosha mikono kwenye kamera, mdomo wazi.

Mukami aliuma kanga yake ili asipige kelele, kwa kuwa nje ya mlango palikuwa na mtu akipumua, pumzi nzito zenye maji ndani yake.

"Mama," ile sauti ilinong'ona, "umeshaziona?"

Mchungaji aliziangalia picha, akasema ni vivuli vya maji tu, akaomba. Mtoto aliitikia amina vizuri kuliko wote. Mukami alirudi nyumbani amekata tamaa, akapika, akala na kitu asichokijua.

Abdirizak aliposikia alikuja na shangazi yake, Sharifo, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa dua huko Maua. Dereva hakuweza kumtazama Mukami machoni.

"Mama Wawira, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo kamera wavuvi walitoa baharini ikiwa imeshikwa na kamba za wavu. Mzamiaji mwenyewe hakuonekana."

Sharifo alizitazama picha bila kuzigusa. "Huyu akipata mtu wa kupigwa picha huko chini, wanabadilishana nafasi," alisema. "Mrudishe mtoni mahali pale pale, umpige picha yeye. Mtoto wako atatoka. Lakini ukiwa ndani ya maji, hicho kioo cha kamera kisikuangalie. Umbali upange ukiwa huku juu."

"Na akikataa kurudi?"

Sharifo alivuta mtandio wake. "Hawa hawapendi kuachwa peke yao," alisema, akaelekea kwenye lori.

Mukami na yule binti waliteremka mtoni mchana, wawili tu, kamera ikiwa na filamu mpya, lori likingoja barabarani. Kile kitu kilifuata bila ubishi, mkono wake baridi ndani ya mkono wa Mukami, kikatabasamu kilipoona maji.

Mukami alikizamisha kwa mkono mmoja, akazama nacho, akabana, na papo hapo katika maji yale ya udongo Wawira wake akatokea, karibu hivi kwamba alimgusa vidole, halafu zile nywele zikamzunguka mtoto kifundo cha mguu na kumvuta nyuma, Mukami akabana tena na tena, na kila mara mtoto alikaribia na kila mara alivutwa, huku pumzi zikimwisha Mukami kifuani, na hapo ndipo alipoelewa kile Sharifo alichokwepa kusema: mtoto hataachiwa mpaka mtu mwingine abaki chini badala yake. Hakuwaza sana. Aliigeuza kamera. Aliziona namba kuzunguka kioo, na katikati yake uso wake mwenyewe, akabana.

Kutoka chini alimwona Wawira akipiga mateke kwenda juu, akamsikia akikohoa na kulia, akimwita mama yake kwa Kimbeere. Mukami alinyoosha mikono, akafungua mdomo, na maji yakauzima mwito wake. Pale juu, mwanamke mwenye gauni lake na uso wake alikuwa amesimama majini hadi kifuani, akimshika mtoto mkono na kumpeleka ukingoni.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia, kwa Kiswahili laini, kilichonyooka. "Twende nyumbani. Kiu imenishika."