Usiniletee Kesi

Jumatatu asubuhi korido ya mahakama hujaa mpaka huoni sakafu. Ndugu wa washtakiwa, askari, mashahidi waliopotea njia, watu waliokuja kushangaa tu, wote wanasukumana. Katikati yao Wakili alikuwa anapita mbio, mafaili kifuani, joho jeusi begani, ukanda wa kiatu kimoja umelegea. Alikuwa ameajiriwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo wa kumlipa mtu. Watu walimwita Wakili wa Bure. Wateja wake wengi aliwaona kwa mara ya kwanza pale pale koridoni, dakika chache kabla ya kuitwa, kwa hiyo salamu ndefu alishaziacha. Yeye huingia moja kwa moja.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa kijana mrefu, ovaroli la buluu, mikono imejaa grisi, macho chini, uso wa mtu aliyekata tamaa. Huyu ndiye wangu, Wakili akajisemea. Akaketi, akamshika kiwiko.

"Nisikilize vizuri. Ukisomewa shtaka, jibu ni moja tu: si kweli. Usijieleze, usiombe radhi, usilie. Tumeelewana?"

Kijana akamkodolea macho. "Si kweli nini, dada?"

"Kwamba umeiba mabati."

"Mabati!" Akaruka kutoka kwenye benchi. "Mabati gani tena? Mimi nimekuja kutengeneza lifti! Nasubiri ufunguo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Wakili alitamani ardhi ipasuke immeze. Mafaili yakamponyoka, karatasi zikatawanyika, naye fundi akapiga magoti kumwokotea. Alipoinua uso alikuwa anacheka, na jamani, kijana yule alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu asahau kesi anayoiendea.

"Ila siku nikiiba," akasema, "wakili nishapata."

Lifti ilipona siku hiyo hiyo. Fundi ndiye hakupona. Keshokutwa akarudi kuisikiliza inavyolia. Wiki iliyofuata akaja kuipaka mafuta. Karani akamuuliza mbele za watu kama lifti hiyo imekuwa mgonjwa wa kisukari, inahitaji kuangaliwa kila mara. Fundi akaona yaishe, akamwomba Wakili namba ya simu.

"Nina sharti moja," Wakili alimwambia walipokunywa chai pamoja mara ya kwanza. "Kila anayenijua ana kesi. Binamu ana kesi, jirani ana kesi, kinyozi wa kaka yangu naye ana kesi. Nikitoka kazini nataka kupumua. Wewe usiniletee kesi. Hata ya kuku."

Fundi akaweka mkono kifuani. "Mpenzi, naapa. Kwangu hutasikia habari za mahakama."

Na kiapo chake akakitunza. Ndiko balaa lilikoanzia.

Mapenzi yakanoga. Asubuhi simu: "Umeamka, mrembo wangu?" Mchana simu: "Umekula? Usinidanganye, biskuti si chakula." Wakili, ambaye mahakamani sauti yake ilikuwa inakata kama kisu, kwenye simu ile alikuwa anadeka mpaka mwenyewe anajishangaa. Fundi alimsimulia habari za lifti zinazogoma na za mama yake, mshonaji, aliyemlea kwa cherehani. Siku moja akasema mama amevunjika mkono.

"Masikini! Amefanyaje?"

Fundi akasita. Kumbe ukweli ulikuwa mdomoni, na ukweli ule ulikuwa na kesi ndani yake. "Alianguka," akasema.

"Nataka kwenda kumpa pole."

"Ngoja kidogo. Mama hapendi kupokea mgeni akiwa hawezi kumpikia. Jumapili hii inayokuja nitakupeleka, na si kwa pole tu. Nataka akuone." Jinsi alivyolitamka hilo la mwisho, Wakili alikosa usingizi kwa furaha.

Alhamisi ya wiki hiyo Wakili alikuwa na kesi ya saidia fundi mmoja, kijana wa kubeba zege, aliyeshtakiwa kuvamia chumba cha mshonaji, kumsukuma na kumwibia cherehani. Kijana alikuwa amesota rumande mpaka suruali inamvuka, akisimama lazima aishike. Kila siku wimbo wake ulikuwa mmoja: "Dada, mimi nilikuwa napita tu." Shahidi aliyemtambua alikuwa mmoja, mwenye cherehani mwenyewe.

Akaingia mama mmoja nadhifu, gauni la kola nyeupe lililopigwa pasi likakubali, mkono wa kushoto umefungwa plasta. Akaapa. Akanyoosha kidole chake kizima kumwelekea saidia fundi. "Ni huyu. Nilimtambua kituo cha polisi, kwenye mstari wa vijana waliopangwa nimchague."

Wakili akasimama.

"Mama, pole na mkono."

"Asante, mwanangu."

"Kwenye mstari huo walikuwepo vijana wangapi?"

"Walikuwepo."

"Aliyesimama pembeni yake alikuwa mfupi au mrefu?"

"Sikumbuki."

"Hata mmoja humkumbuki?" Wakili akapunguza sauti. "Mama, mstari ulikuwepo kweli?"

Mama akamtazama mwendesha mashtaka. Hakusaidiwa.

"Alikuwa kwenye gari," akasema.

"Gari la nani?"

"La polisi."

"Peke yake? Na pingu mikononi?"

"Ndiyo."

"Na askari walikuambiaje?"

"Walisema, mama, mwizi wako tumemkamata, njoo umwone."

Nyuma ya chumba watu wakacheka. Wakili hakucheka, lakini hakuacha pia. "Kwa hiyo umeapa hapa, halafu ukaieleza mahakama habari za mstari ambao haukuwepo."

Mama akafungua mdomo, yakatoka machozi. Akashuka kizimbani akijifuta kwa plasta. Wakili akakaa, moyo unamuuma, lakini pembeni yake saidia fundi alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu amjue. Hakimu akaahirisha mpaka Jumatatu.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, leo sina raha," Fundi akasema. "Mama amerudi analia. Kuna mtu amemdhalilisha mbele za watu."

"Ebo! Mtu gani huyo?"

"Ni habari ndefu, na nilikuapia. Acha tu."

"Na mkono wake ule mbovu? Mtu wa hivyo hana utu hata chembe!" Wakili alikuwa amekasirika kwelikweli; mama aliyeambiwa yeye alikuwa ameanguka tu, hakuvamiwa na mtu. "Mwambie mama asilie. Jumapili nakuja kumfuta machozi mwenyewe."

Jumapili akavaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, akasuka nywele upya, akanunua kitambaa kizuri cha maua, zawadi ya mshonaji. Fundi akampokea getini, shati jeupe, anang'aa. Akagonga mlango. "Mama! Mgeni wako!"

Mlango ukafunguka. Kola nyeupe. Plasta.

"Karibu, mwa..." mama akaanza, akaishia hapo.

Wakili akarudi hatua moja nyuma. Mama naye kashika fremu ya mlango. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Fundi, mwenye furaha zake, haoni kitu. "Mama, si nilikuambia ni mzuri? Ndiye huyu!"

"Ndiye huyu," mama akasema polepole.

Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani zimefunikwa kwa vitambaa vilivyodariziwa. Mama akavuta kiti. "Kaa. Tule kwanza. Halafu uniambie nilikukosea nini."

Wakili alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema mama nisamehe, sikujua, ningejua ningefia mlangoni. Lakini kesi ilikuwa haijaisha, na wakili haruhusiwi kuzungumza na shahidi wa upande wa pili juu ya kesi iliyo mezani kwa hakimu. Neno moja la kubembeleza lingeonekana ni kumshawishi shahidi, na wa kulilipia angekuwa yule kijana anayeshika suruali. Macho yakamshukia kwenye kifurushi alichokwisha kukiweka mezani. Mungu wangu, zawadi! Zawadi kwa shahidi!

Akakinyakua. Ndiyo, alikinyakua, mbele ya mwenyewe. "Samahani. Siwezi kukaa hapa," akasema, akageuka, akatoka.

Fundi alimfikia getini. "Una wazimu? Mama yangu anakuvutia kiti, wewe unapokonya zawadi?"

"Mama yako ni shahidi kwenye kesi yangu."

"Kesi ipi?" Kisha akaelewa. "Ni wewe? Yule wa Alhamisi ni wewe?"

"Kwa nini uliniambia alianguka?"

"Si ulinikataza! Usiniletee kesi, hata ya kuku! Ni maneno ya nani hayo?" "Na kwenye simu ukaniambia mtu huyo hana utu. Ulikuwa unanichezea?"

"Sikujua! Naapa sikujua."

"Sasa umejua. Jitoe. Mwachie wakili mwingine."

"Hakuna mwingine! Nikijitoa leo, kijana anarudi rumande, kesi inaanza upya, na sijui kama atatoka akiwa hai."

"Kwa hiyo mwizi wa cherehani ya mama ni bora kuliko mimi?"

"Si mwizi mpaka..."

"Chagua," Fundi akasema. "Yeye au sisi."

Wakili alimwangalia mtu anayempenda kuliko wote duniani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Usinifanyie hivyo," akasema. Wakili akaondoka na kitambaa chake cha maua kwapani, na njia nzima simu haikulia.

Jumatatu akasimama mbele ya hakimu, macho yamevimba, akaeleza yote bila kuficha: kwamba mtoto wa shahidi ni mpenzi wake, au alikuwa, na kwamba hakujua mpaka jana. Hakimu akavua miwani. Karani akasahau kuandika. Saidia fundi akaulizwa kama anataka kubadilishiwa wakili.

"Nimtake nani tena, mheshimiwa? Namtaka huyu huyu."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Sina pingamizi. Ila shahidi wangu amenifuata asubuhi hii. Anaomba arudi kizimbani."

Mlango ukafunguliwa, mama akaingia, na nyuma yake Fundi, ovaroli la buluu, hamtazami mtu. Mama amekuja kunimaliza, Wakili akawaza. Amekuja kumfunga mtoto wa watu kwa sababu yangu.

Mama akaapa upya.

"Mheshimiwa, nilisema huyu kijana namjua. Simjui." "Aliyenivamia alinisukuma kwa nyuma. Nikiwa chini nilimwona mgongo tu. Uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa huyu, ndani ya gari la polisi. Nikaenda nao nyumbani, nikalala nao, mpaka ukawa uso wa mwizi. Na habari ya mstari niliambiwa niiseme. Nilikuwa na hasira na mkono wangu. Nikasema."

"Uliambiwa na nani?" hakimu akafoka.

"Na askari aliyeniita garini."

Mwendesha mashtaka akajishika kichwa. Hakuwa na shahidi mwingine. Hakimu akaagiza askari huyo aletwe mbele yake ajieleze, kisha akamgeukia mshtakiwa. "Hakuna kesi hapa. Kijana, uko huru."

Saidia fundi akabaki pale pale, kashika suruali. "Nipite wapi?" akauliza. Alikuwa amezoea kuonyeshwa mlango mmoja tu.

Wakili akatoka chumbani, akaingia koridoni. Mama alikuwa anamsubiri.

"Kesi imeisha?" mama akauliza.

"Imeisha, mama."

"Sasa unaruhusiwa kunijibu? Mwendesha mashtaka amenieleza kwamba jana sheria ilikufunga mdomo."

"Naruhusiwa." Akaanza kulia. "Mama, nisamehe..."

"Nyamaza kwanza, niseme mimi. Jana ulipoondoka nilikuona huna adabu. Usiku mzima nikawa nakutukana kichwani. Halafu nikajiuliza: mwanamke anayemtaka mwanangu, mbona hakukaa anipake mafuta? Angenipa kile kitambaa, angenibembeleza, na mimi ningelainika, ningesahau. Wewe ukachukua kitambaa chako ukaenda. Nikajua basi, swali la Alhamisi hukuniuliza kwa dharau. Uliniuliza kwa kuwa lilihitaji jibu, na jibu nilikuwa nalo."

Wakili akajifuta machozi kwa joho.

"Lakini sijakusamehe," mama akaendelea. "Ulinitoa machozi mbele za watu. Nitakusimulia nilivyolia, polepole, miaka mingi, ukiwa mkwe wangu, uone aibu vizuri."

"Mama!" Fundi akashtuka nyuma yake. "Mimi mwenyewe sijamuuliza!"

"Sasa unangoja nini? Lifti?"

Fundi akasogea. Alikuwa hajanyoa, macho mekundu. "Nilikuambia uchague," akasema. "Usiku kucha nimejiuliza ningekuwa mimi niko kule rumande, nikasikia wakili wangu ameniacha kwa ajili ya mwanamume. Nimeona aibu. Nilikosea, mpenzi. Nioe... la, nataka kusema nikuoe. Naomba nikuoe. Umeona ulivyonichanganya?"

Karani akachungulia mlangoni. "Wakili wa Bure! Mteja wako anayefuata yuko kizimbani! Hakimu anakungoja!"

Kwa miaka yote ya kazi yake, Wakili hakuwahi kumchelewesha mteja hata dakika moja. Akamtazama karani, akamtazama Fundi.

"Mwambie mheshimiwa anisubiri," akasema. "Nachumbiwa."