Sauti Isiyokatiza

Lifti ya hospitali ilikuwa imekwama tena, na ukumbi wa mapokezi umefurika watu hadi pa kuweka mguu hapakuwepo. Wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, akina mama na watoto mgongoni, wote macho kwenye ule mlango wa chuma. Muuguzi mmoja mwembamba, sare nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, raba za kijani miguuni, alijipenyeza hadi mbele na toroli lake la dawa. Wenzake walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika.

Mlango ukaachama kidogo. Kichwa cha mwanamume kikachomoza chini kabisa, usawa wa sakafu, kama mtu anayetoka kaburini.

"Samahani dada, naomba uni—"

"Tochi? Shika hii."

"Nilitaka kusema unisogezee—"

"Toroli? Nimeshasogeza. Haya, hii lifti yenu inapona lini?"

Fundi wa lifti akacheka, meno meupe katikati ya uso uliopakaa grisi. "Dada, kuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yako?"

"Mwenye bahati zake." Chiriku akacheka kicheko kifupi, cha haraka.

"Basi na mimi ngoja niijaribu yangu."

Akaijaribu kweli. Kila lifti ilipokorofisha alikuja mwenyewe, na baadaye akawa anakuja hata ikiwa nzima, ovaroli ya kijivu imefuliwa, anukia sabuni. Mama yake, mjane mwenye presha, alitibiwa kliniki hiyohiyo, na Chiriku ndiye aliyempima. Mama akampenda, akawa anamwita mwanangu. Simu nazo hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nilikuwa nataka ku—"

"Hujala. Sauti imesinyaa."

"Chiriku wangu, siku moja nitakuambia jambo zito, na utalikata katikati."

"Likiwa tamu silikati. Nalimeza."

Miezi hiyohiyo, hospitali ilikuwa inatafuta sauti. Mtaalamu wa kompyuta, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, alimsikia Chiriku akimbembeleza mgonjwa, akamwomba. Wakamfungia kwenye chumba kilichoegemezwa magodoro ukutani ili kelele zisiingie, akasoma maneno mpaka ulimi ukamkauka. Mashine ingejifunza sauti yake, iwapigie wagonjwa kuwakumbusha dawa.

"Ila usiharakishe, dada," mtaalamu alimwambia. "Ukiuliza swali, ngoja kwanza, kama unayemsikiliza mtu mpaka amalize."

"Huko kungoja ndiko kutakakoniua."

Waliambiana kazi itaanza mwakani, huenda. Chiriku akasahau.

Kisha, ghafla, Fundi akanyamaza.

Hakupiga. Hakuja. Lifti ilipokwama akatumwa fundi mwingine. Chiriku akajikaza, akamwandikia: Upo? Jibu likaja: Nipo. Nangoja. Akaandika: Unangoja nini, lifti? Hapo ndipo kimya kilipokuwa kimya kweli. Alilala na simu chini ya mto, akaamka nayo shavuni, na haikuwa imelia.

Ndani ya ukiwa huo, mambo ya ajabu yakaanza kumfuata wodini. Mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa jana, binti. Ulivyonisikiliza habari za marehemu mke wangu, hakuna aliyewahi kunisikiliza vile."

"Jana, baba? Jana sikuwa kazini."

"Ulinipigia," mzee akasema, akatabasamu kama mtu anayetunza siri yao wawili.

Kesho yake, dada mjamzito alimuuliza kwa nini ana kwa ana ni mkavu, ilhali kwenye simu ni mtamu kama asali. Chiriku akaiweka chini mashine ya presha. Kulikuwa na mwanamke mwingine mahali fulani, anazungumza kwa mdomo wake.

Akaenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa kompyuta.

"Tumeanza kuijaribu kwa wagonjwa wachache," mtaalamu alisema, akivua miwani na kuifuta. "Nilikusudia kukuambia. Inaendelea vizuri mno. Inajifunza yenyewe namna ya kuwafariji."

"Nani aliiruhusu iwafariji?"

Yule mwanamke akafikiri. "Hakuna aliyeikataza."

"Na mama yake Fundi naye anapigiwa?"

"Huyo ndiye anayeipenda kuliko wote."

Jumamosi mchana Chiriku alivaa gauni lake la njano, lile Fundi alilosema linamfanya ang'ae kama taa, akaenda kwa mama bila kupiga hodi ya simu. Sebule ilikuwa safi, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, simu imesimamishwa mezani kwenye glasi, kwenye spika, kwa sababu masikio ya mama yalikuwa yamechoka.

"Karibu mwanangu!" Mama akamkumbatia, kisha akamsukuma mbele kidogo amtazame. "Mbona hukuniambia unakuja? Na tumetoka kuongea sasa hivi."

Kabla hajajibu, simu ikaita. Mama akaigusa.

"Mama yangu," ikasema sauti ya Chiriku, taratibu, tamu, kutoka ndani ya glasi. "Nimekumbuka hukuniambia mguu unaendeleaje. Umepungua uvimbe?"

Mama aliitazama simu. Akamtazama Chiriku aliyesimama mbele yake na gauni la njano. Akaitazama midomo yake.

"Mwanangu," akanong'ona, "mbona mdomo wako haujatikisika?"

Sauti ilingoja. Ilingoja kwa subira ambayo Chiriku hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Pumzi ndogo ilisikika, pumzi yake mwenyewe, aliyoivuta siku ile kati ya magodoro.

Fundi alitokea jikoni na kitambaa begani. Akasimama mlangoni, uso umempauka.

"Ni mashine," Chiriku akasema, machozi yakimlengalenga. "Walichukua sauti yangu. Mama, si mimi. Siku zote hizi si mimi."

Fundi aliketi taratibu kwenye mkono wa kochi. Mama akakata simu, akabaki amejishika kifua.

"Siku ile nilipoacha kukupigia," Fundi akaanza, "mama alikuwa anaongea nawe, akanipa simu. Nikasema nisichelewe, nikakuambia nataka nikuoe. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, 'Nimekusikia. Jambo hilo ni zito. Kwa sasa tuangalie afya ya mama. Tafadhali usipige, nitakupigia mimi.'"

"Na wewe ukakaa unangoja!"

"Nilingoja. Ukaniuliza kama nangoja lifti."

"Fundi! Ulimaliza sentensi nzima, ya kuoa, mimi nimenyamaza, na hukushtuka?"

Kicheko kikamtoka Fundi, cha aibu, kilichochanganyika na kitu kama kilio. "Nilidhani umebadilika. Nilidhani mtu asiyependa tena ndivyo anavyokuwa. Mpole."

Chiriku akamfuta uso kwa kiganja. Pembeni, mama alikuwa anapangusa glasi isiyo na vumbi.

"Najua mtataka izimwe," mama akasema bila kuinua macho. "Lakini tangu inipigie, dawa sijaziruka. Nyumba hii mchana ni ndefu, wanangu. Nilikuwa naona nina binti."

Chiriku akapiga magoti mbele yake. Hasira aliyokuja nayo ikamlegea mikononi. "Unaye, mama. Huyu hapa. Ile nayo itabaki, ila Jumatatu nawaendea hospitalini: kila ikipiga, ianze kusema yenyewe ni mashine. Isipojitaja, sauti yangu naichukua. Na jioni nitakuja mwenyewe, nikukatize mpaka unichoke."

Mama akacheka, akamshika kidevu.

"Chiriku," Fundi akasema nyuma yake, sauti imekwaruza. Alikuwa ameshuka sakafuni, kitambaa cha jikoni bado begani. "Naomba uni—"

"Nimekubali."

"Sijamaliza!"

"Sasa umalize ili iweje?"

Mama alipiga kigelegele hadi glasi ikalia. Walikuwa bado wamekumbatiana pale chini, gauni la njano limegusa sakafu, simu ilipoita. Mama, furaha imemjaa, akaigusa kabla yeyote hajamzuia.

"Mwanangu, usikie makubwa! Huyu kijana wangu ame—"

"Amemchumbia!" sauti ikadakia. "Hongera, mama!"

Haikungoja.

Sebule ikapoa. Kutoka mezani, Chiriku alisikia kicheko chake mwenyewe, kifupi, cha haraka, kile cha mapokezini siku ya lifti, ambacho hakukitoa kwenye chumba chochote chenye magodoro.

"Haloo?" ikauliza sauti. "Mbona nyote kimya?"

Mama aliinama karibu na glasi, akasema polepole, kama anayemlaza mtoto, "Usipige tena leo. Nitakupigia mimi." Akakata, akailaza simu kifudifudi.

Chiriku aliuchukua mkono wa Fundi, akauweka kooni pake. Ulikuwa na vidole vikavu, vya moto, vinanukia kitunguu.

"Sema neno," Fundi akanong'ona.

"Nimeshasema. Nimekubali."

Na chini ya vidole vyake, koo likatetemeka kwa sauti yake mwenyewe.